Lindomar na Chumba cha Daluga

Wiki ya pili tangu nistaafu, Furaha alinipigia simu. Furaha ndiye aliyechukua nafasi yangu klabuni, mama wa Kikongo kutoka Uvira, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. "Papa Boni, hii mashine kubwa ya kufua inalia vibaya, inatembea mpaka mlangoni." Nikamwambia aweke kipande cha zulia chini ya mguu wa nyuma wa kushoto, kisha apunguze soksi. Ikatulia. Akasema, "Papa, haya mambo uandike. Siku utakufa tutauliza nani?"

Watu wa Uvira hawana haya na kifo. Basi naandika, kwa ajili yake na wengine watakaoshika ufunguo ule. Habari za vyeo hazimo. Chumba cha vifaa kilikuwa kimoja na mimi nilikuwa peke yangu ndani, ningempita nani kwa cheo?

Nilipofika Sydney kazi yangu ya kwanza ilikuwa Wetherill Park, kwenye ghala la mabomba. Miaka mitatu nilipakia viungo vya mabomba kwenye maboksi, na mpaka leo sijui vinaunganishwa na nini. Kanisani kwetu Guildford mtu mmoja akasema kuna klabu ya mpira inatafuta wa kufua jezi wikiendi. Akaniuliza kama najua mpira. Nikasema kwenye kambi ya wakimbizi ya Kasulu nilikuwa refa. Ni kweli, nilikuwa refa kwa sababu filimbi ilikuwa yangu.

Siku ya kwanza mvua ilinyesha tangu asubuhi. Timu ilirudi na pea ishirini na mbili za daluga zilizolowa chapachapa, nami nikataka nionekane mwepesi. Nikazipanga zote mbele ya hita, nikaiwasha mpaka mwisho, nikaenda kufua. Niliporudi, pea kumi na moja zilikuwa zimepasuka ngozi. Zvonko, mzee wa Kikroatia aliyekuwa mtunza vifaa, aliingia akazitazama moja moja. Hakugomba. Alitoka nje, akavuta sigara yake mpaka mwisho, akarudi akaniambia, "Sasa umeshajua hita. Njoo ujue gazeti."

Zvonko alikuwa amefanya kazi kiwanda cha viatu tangu ujana wake. Ndiye aliyenifundisha kwamba daluga iliyolowa hujazwa gazeti, gazeti hubadilishwa kila baada ya saa mbili, na hita hukaa mbali huko ilipo. Si gazeti lolote. Yale ya rangi yanayong'aa hayanywi maji. Mazuri kuliko yote ni ya Kivietinamu, ambayo muuza mboga mmoja wa Cabramatta alituwekea kila Alhamisi. Furaha, huyo mama bado yupo, na hapendi kuharakishwa. Nunua na mnafu kidogo ndipo umuulize magazeti.

Siki ni ya harufu. Meno ya daluga hukaguliwa kwa kidole, jicho linadanganya. Jezi ya kipa haifuliwi na soksi. Kila safari beba jezi tupu isiyo na namba, na utepe mweusi. Hili la mwisho nililijulia Newcastle, nilipoisahau jezi ya nahodha kwenye kamba ya kuanikia. Nilimwandikia namba sita kwa utepe kwenye jezi ya akiba. Mvua ikanyesha, utepe ukabanduka, nahodha akamaliza mechi hana namba. Refa alimwonya kwa kadi akakosa pa kuiandika. Sina la kujitetea, ila tulishinda.

Halafu kulikuwa na sheria ya Zvonko. Ofisi ya kocha na chumba cha daktari vilikuwa ghorofani, sisi chini kabisa karibu na maegesho. Zvonko alisema: anachosema mchezaji humu ndani hakipandi ngazi. Ndiyo sababu walikuja. Mchezaji haji chumba cha vifaa kutafuta soksi, Furaha, soksi anazo. Anakuja kukaa juu ya kapu la jezi chafu na kusema asichoweza kusema kwingine. Nilikuwa na kipa aliyetapika kwenye ndoo yangu kabla ya kila mechi, miaka minne mfululizo. Namshikia ndoo, anasukutua mdomo, anatoka akiwa ametunisha kifua. Kocha alimsifu kwa moyo mgumu. Mimi nikaosha ndoo.

Sheria hiyo niliishika kuliko nilivyozishika amri nyingine. Macho ya Zvonko yalipokwisha nguvu akarudi nyumbani kwake, nami nikaendelea nayo peke yangu kama dini.

Msimu wangu wa kabla ya mwisho akaja Lindomar.

Alikuwa mshambuliaji, Mbrazili, miaka thelathini na tano kwa karatasi. Alitokea Thailand. Kabla ya hapo Uturuki, kabla yake Saiprasi, Ureno, na kwingine ambako yeye mwenyewe alikuwa akihesabu kwa vidole na kukosa kimoja. Begi lake lilijaa taulo za hoteli, kila moja na lugha yake. Asubuhi ya kwanza kocha alimleta chini nimpe vifaa, akaniambia nifanye taratibu maana kijana hajui Kiingereza. Nikamwonyesha kabati kwa ishara. Mbrazili akaniangalia vizuri, akasoma jina langu la Kirundi kwenye kifua, akasema, "Shikamoo, mzee. Mzee wa wapi?"

Nilidondosha bukta zote nilizoshika.

Kumbe alikuwa amecheza misimu miwili Dar es Salaam. Kiswahili alifundishwa na mtunza vifaa wa huko, kwa hiyo kilikuwa na mashimo ya ajabu. Hakujua kusema "jirani" wala "mwezi ujao", lakini alijua bukta, daluga, mchua misuli, "maji ya moto yapo?" na matusi ya mashabiki ya aina zote. Kocha alituangalia tukicheka, Mrundi na Mbrazili, mbele ya kabati la soksi, akasema kazini hapa sasa ameona yote.

Tangu siku ile nikawa mkalimani wa Lindomar. Kocha akisema, nasema. Lindomar akijibu, najibu. Klabu ilikuwa na namba ya simu ya wakalimani, unapiga unapata mtu wa Kireno kamili aliyesomea, lakini Lindomar alikataa. "Simu ya nini? Mzee Boni yupo." Nami nikavimba kichwa, niseme ukweli. Miaka yote nimepita kwenye ukumbi ule na kapu la nguo chafu, leo naitwa ghorofani, nawekewa kiti. Nilidhani ananiheshimu. Kwa sehemu ni kweli alikuwa akiniheshimu.

Jumapili alikuja kwetu Guildford kula. Mke wangu alimpikia ugali na maharage, akala kwa mkono bila kufundishwa. Watoto wangu wanaelewa Kiswahili na kujibu Kiingereza, yeye haelewi Kiingereza, kwa hiyo mezani kila mtu alinitazama mimi nifanye kazi yangu. Hapo ndipo alipotuonyesha picha ya binti yake, Rayane, miaka kumi na tatu. Mama yake Rayane na Lindomar waliachana zamani. Mtoto amelelewa na bibi yake Brazili, na baba ameufuata mpira nchi moja baada ya nyingine. "Mama Boni, huyu hajaniona nacheza hata siku moja," alimwambia mke wangu. "Kwenye simu tu. Likizo hii anakuja, na bibi. Mechi moja nataka anione. Moja tu, halafu natundika daluga."

Mke wangu akasema Mungu atasaidia. Mimi nikamwongeza maharage.

Goti nililijua kabla ya wote. Daluga ya kulia ya Lindomar ilikuwa ikilika meno ya nje tu, haraka, wiki mbili yamekwisha. Ya kushoto ililika sawasawa. Mtu anayekimbia hivyo anauficha mguu. Nikamweka juu ya kapu nikamuuliza. Akasema, "Limezeeka tu, mzee. Kama wewe." Nikabadilisha meno. Wiki mbili baadaye nikabadilisha tena.

Wiki tano kabla Rayane hajafika, Daktari Moira akamwita. Moira ndiye daktari wa timu mpaka leo, mama mwembamba asiyepandisha sauti, na mtu anayeandika kila jibu. Alikuwa amemwona Lindomar mazoezini anashuka ngazi kwa upande. Tukakaa watatu. Akalikunja goti, akalikunjua, akaniambia, "Muulize kama huwa linakwama. Kama linagoma kunyooka, au linamwachia ghafla."

Nikamuuliza. Lindomar akatabasamu lile tabasamu lake la picha, macho kwa daktari, akaniambia kwa Kiswahili kitulivu kabisa: "Linakwama kila asubuhi. Nalishika kwa mikono miwili ndiyo linyooke. Wewe mwambie hapana, mzee. Binti anakuja."

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Ninajua mtakavyojibu, kwa sababu mnasoma mkiwa mmekaa. Mimi niliambiwa siri na mchezaji, na kwa miaka mingi nimekuwa mtu mmoja tu: mtu ambaye siri haipandi ngazi kupitia kwake. Haikunijia kichwani kwamba ngazi nimeshazipanda. Nilikuwa nimekaa kwa daktari na akili yangu iko chini, kwenye kapu la nguo chafu.

Nikasema, "Hapana, daktari. Anasema halikwami." Na kwa kuwa jibu lilionekana fupi kuliko maneno ya Lindomar, nikatia na chumvi yangu: "Anasema ni kukakamaa tu asubuhi, kwa sababu ya baridi."

Moira akaandika. Tukashuka. Lindomar akanishika bega akasema, "Tuko pamoja." Wiki zile tano alicheza mechi nne, kila moja nusu nusu, akafunga mabao mawili. Mimi nilikuwa nikimtazama miguu badala ya mpira. Usingizi sikukosa. Ningependa kuandika kwamba nilikosa, lakini nililala vizuri, nikijua nimefanya jambo la kiume.

Rayane na bibi yake wakafika Ijumaa. Jumapili mchana ilikuwa mechi. Nilimtengenezea mtoto jezi ya baba yake, namba kumi na moja, ikampita magoti. Tukamkalisha nyuma ya benchi, mahali ambapo angeweza kumgusa kocha akitaka. Lindomar alipotoka kupasha misuli alimpungia mkono, mtoto akaficha uso ndani ya jezi.

Alicheza vizuri. Nataka hilo lijulikane. Dakika ishirini hivi alikuwa kijana, pasi zinafika, mabeki wanaparamiana. Halafu akapokea mpira mgongo ukiwa umeelekea lango, akageuka apige. Hakuguswa na mtu. Goti likabaki lilipokuwa na yeye akageuka.

Niliingia na kapu la barafu nyuma ya Moira. Lindomar alikuwa ameng'ata jezi yake. Alipoachia aliniambia neno moja tu, "Usiseme." Nilipoinua macho Rayane alikuwa amesimama juu ya kiti, mikono ndani ya mikono mirefu ya ile jezi. Nimeona wachezaji wengi wakibebwa. Huyu mtoto ndiye ninayemwona mpaka sasa, na nikimwona naumia, sina namna nyingine ya kulisema.

La Moira nitalimaliza hapa, ingawa lilikuwa Jumanne. Nilipanda ngazi mwenyewe, bila kuitwa, nikamwambia yote. Akasema, "Angenijibu ndiyo, kesho yake ningempeleka akapigwe picha." Nikasema yeye alijibu ndiyo. Akasema, "Hilo ndilo ninalosema, Boni. Nilimuuliza yeye, ukanijibu wewe." Hakunipeleka kwa wakubwa. Alibandika tu karatasi mlangoni kwake, kwamba mchezaji asiyejua Kiingereza atapigiwa simu ya mkalimani, na kwamba mfanyakazi wa klabu hatafsiri ndani ya chumba hiki. Furaha, karatasi hiyo ipo. Watakuja watu wa kwetu, watakwambia mama njoo, simu ya nini na wewe upo. Utavimba kichwa. Wapigie simu. Ya chumbani kwako yatunze chumbani kwako, na ukipanda ngazi ujue umepanda.

Sasa nirudi Jumatatu, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Nilikwenda hospitali saa sita mchana. Lindomar alikuwa amelazwa, mguu juu ya mito. Rayane kakaa pembeni yake, begi la shule mapajani, bado kavaa ile jezi. Bibi alikuwa amebaki hotelini, miguu imemvimba kwa safari. Daktari mpasuaji akaja, na hospitali haina mchezo, moja kwa moja simu ya mkalimani, Kireno, sauti kubwa ikiwa imewekwa juu ya meza ya kitanda. Kiingereza cha daktari nilikielewa mimi. Kireno cha simu walikielewa baba na mtoto.

Daktari akasema gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, lilichanika zamani, siyo jana. Likazunguka ndani ya goti miezi, likasaga mfupa. Akasema atatembea, baada ya muda, na huenda akachechemea. Mpira basi. Kisha akafungua karatasi zilizotoka klabuni. Akasema, bila ubaya wowote, kwamba wiki tano zilizopita ingekuwa operesheni ndogo, anaingia asubuhi anatoka jioni, lakini hapa imeandikwa mgonjwa aliulizwa kama goti linakwama, akasema hapana, kupitia kwa mkalimani. Simu ikaligeuza lote kuwa Kireno. Nikamwona Rayane anamsikiliza yule mwanamke wa kwenye simu, halafu anageuza kichwa taratibu mpaka kwangu. Alikuwa ameniona siku tatu nikimtafsiria baba yake kila neno, hata bei ya aiskrimu.

Daktari akatoka, simu ikakatwa. Tukabaki watatu, na lugha ya kwetu sote hakuna. Mimi na mtoto hatuna hata neno moja. Wa katikati alikuwa Lindomar.

Rayane akasema maneno marefu. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole kwangu, akanyoosha kwenye goti, akarudi kwangu. Machozi yalikuwa yakishuka na hayafuti. Alipomaliza aliendelea kunitazama akingoja jibu.

Lindomar akatazama dari. Akasema, "Anauliza kama umekula, mzee."

Nikamwambia, "Lindomar, mwambie nilijua. Mwambie uliniambia ukweli, nami nikamwambia daktari uongo."

Akageukia mtoto. Yangu yalikuwa maneno mengi, na yeye alisema mawili au matatu, kwa lile tabasamu lake la picha.

Rayane akafuta uso kwa mkono wa jezi. Akafungua begi, akatoa nusu ya mkate wa jibini uliofungwa kwenye karatasi, akainuka, akazunguka kitanda, akaniwekea mkononi, kama aliyeambiwa sijala. Kisha akasimama pale pale kuhakikisha ninakula.

Nikala wote, na yeye amesimama.